Stendi Iliyomfaa Mama Shirin

Wasichana wa darasa langu la ushonaji hapa Uthiru wana mazoea ya kunitumia picha kwa simu. Inaingia picha ya stendi ya kudarizia, halafu swali: "Shosho, hii ni poa?" Kabla sijaipata miwani inaingia nyingine, ya chuma cheusi, ina taa kichwani na mikono mingi kama buibui. "Na hii je?" Wote nawajibu kwa swali moja: ukidarizi, unakalia nini? Basi wanacheka. Wanadhani Shosho, yaani bibi mzee kama mimi, hakusoma ujumbe vizuri.

Nimeusoma. Nimedarizi tangu nilipotoka kwetu Vihiga nikiwa msichana kama ninyi, hadi juzi shingo iliponiambia imetosha. Karakana yetu ilikuwa juu ya duka la vitambaa katikati ya jiji. Kwa mkono na sindano tulitengeneza majoho ya makasisi, nembo za mablezi ya shule, sari za maharusi wa Parklands, na vitambaa vya meza vya watu wa Lavington ambavyo nina hakika hakuna aliyewahi kulia chakula juu yake. Kwa hiyo swali lenu nalijua. Nataka kulijibu hapa mara moja, kisha mniache ninywe chai yangu.

Aliyenifundisha ni mwenye karakana mwenyewe. Tulimwita Mama Shirin, ingawa Shirin ni jina lake, si la mtoto wake. Babu yake alitoka Bara Hindi, yeye kazaliwa hapahapa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani ambacho hakijali ngeli za mtu. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimebana ringi kati ya goti na ukingo wa meza. Ringi, kwa yule ambaye hajaishika, ni vile viduara viwili vya mbao vinavyokaza kitambaa katikati yao. Mkono wa kushoto umeishikilia, wa kulia unadunga sindano, na mgongo umepinda kama mpini wa mwavuli.

"Felista," akasema, "mkono moja iko kazi, mkono moja iko soja. Kwa nini mimi nalipa soja?"

Soja ni mlinzi, na hapo ndipo nilipojifunza kwa nini stendi ipo. Si pambo, wala si ya wazee. Stendi inashika kazi ili mikono yako yote miwili iwe huru, mmoja juu ya kitambaa na mwingine chini. Wa juu unateremsha sindano, wa chini unaipokea na kuirudisha. Ukizoea, mikono inazungumza yenyewe na wewe unabaki kufikiria mambo yako. Nilipohamia kwenye stendi kubwa za karakana, za mbao nzito ya mvule zenye fremu ndefu imelala juu yake, kazi niliyokuwa nikiimaliza kwa wiki ilianza kuniishia katikati ya wiki. Na nikaanza kulala bila kusugua bega.

Lakini stendi ya karakana ni ya karakana. Siwezi kuwaambia mkanunue ile. Mnaishi kwenye vyumba ambavyo kitanda, jiko na televisheni vinasalimiana. Ndiyo maana nauliza unakalia nini. Anayekaa kwenye kochi anataka stendi yenye mguu bapa unaoingia chini ya kochi na kufika mbele yake. Anayekaa kwenye kiti cha mbao anaweza kutumia ile yenye miguu miwili inayomzunguka huku na huku. Anayedarizi akiwa kitandani, na wapo, anataka fupi ya kukalia, ile yenye ubao unaouweka chini ya paja. Mkinunua kabla ya kujibu swali hilo, mtanunua mara mbili.

Mambo haya yote nilidhani nayajua. Kisha Mama Shirin akaugua, nikajikuta naanza upya.

Wakati huo karakana ilikuwa imeshafungwa, mashine za kompyuta zimechukua nembo za shule, na mimi nimestaafu. Mama Shirin alikuwa akiishi na binti yake Nasreen kwenye fleti huko Hurlingham. Asubuhi moja Nasreen alinipigia simu. Huyu nilimjua tangu akiwa mtoto anayelala chini ya meza yetu ya kukatia.

"Auntie Felista, unaweza kuja na mtu wa pikipiki? Mummy anataka uchukue nyuzi zake zote."

"Nyuzi zipi?"

"Zote, Auntie. Amesema zikikaa hapa mpaka Ijumaa atazitupa."

Nilijua alikuwa amepata kiharusi. Nilikuwa nimekwenda hospitali kumwona, nikamkuta amelala, nikaacha machungwa. Sikujua mkono wa kushoto ulikuwa umekufa kabisa. Nilipofika fleti nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha, amevaa vizuri, kanga begani, na ule mkono umewekwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akitunze kidogo. Mdomo nao ulikuwa umevutwa upande. Maneno yalitoka, ila polepole.

"Chukua," akasema. Hakunisalimia.

Masanduku yalikuwa yamepangwa mlangoni. Nitawaambia ukweli: nilizitamani. Kulikuwa na hariri humo ambazo siku hizi hakuna duka la Nairobi litakuonyesha, kijani tu kilikuwa cha kila aina, kutoka cha jani la mgomba mchanga hadi cha sukuma iliyopikwa sana. Lakini nilimtazama yule mama akitazama ukuta, na mgongo wangu ukakataa kuinama.

"Mama Shirin, mimi sichukui nyuzi za mtu aliye hai."

"Mimi nakwisha," akasema.

"Basi ukiisha nitakuja."

Nasreen alinivuta nje, tukasimama karibu na lifti. Hapo ndipo alipolia. Akanieleza kwamba mama yake amekataa mazoezi ya viungo, amekataa wageni, chakula anakula kama dawa. Yeye alikuwa ameagiza stendi kutoka ng'ambo, nzuri, ya chuma, akidhani itamrudisha kwenye kazi yake. Mama aliijaribu mara moja tu, akaisukuma, na kesho yake akaanza habari ya kugawa nyuzi.

"Ni kama nilimwonyesha vile hawezi," Nasreen akasema. "Ni mimi nimefanya hivi."

"Ulitaka kumsaidia. Nionyeshe hiyo stendi."

Ilikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, imefunikwa shuka. Nawaambia, ilikuwa stendi safi. Ukiishika haina mlio, taya zake za kushikia fremu zina kitambaa laini cha kutoiumiza, na kichwa kinageuka ili uone upande wa nyuma wa kazi bila kuitoa. Hata mimi mate yalinijaa. Basi tatizo lilikuwa nini? Nilichukua kiti cha jikoni, nikakaa mbele yake, nikauweka mkono wangu wa kushoto mapajani na kujikataza kuutumia. Nikajaribu kudarizi.

Jaribuni hata ninyi. Mtu wa mkono mmoja anadunga sindano kutoka juu, kisha mkono uleule unazunguka chini ya fremu, unaitafuta ncha, unaivuta, unairudisha juu, unazunguka tena. Ni safari. Na katika ile stendi nguzo ilisimama upande wa kulia, palepale mkono wake mzima ulipopaswa kupita. Kila mshono ulikuwa unagonga chuma. Halafu miguu yake ilikuwa imekaribiana, kwa hiyo isingeweza kupita nje ya magurudumu ya kiti. Ilikwama kwenye vile vibao vya kuwekea nyayo, na kazi ikabaki mbali, inamlazimisha ainame. Na zile nati za kukazia zilikuwa ndogo, za kutaka mkono mmoja ukaze na mwingine ushike. Stendi haikuwa mbaya. Ilitengenezewa mtu mwingine.

Nilirudi sebuleni nikamwambia Mama Shirin, "Stendi ile inakugonga mkono, sivyo?"

"Kila saa," akasema. "Tak, tak, tak. Kama iko nacheka mimi."

"Nipe siku chache."

"Kufanya nini?"

"Kutafuta isiyocheka."

Nikaondoka bila nyuzi, ingawa kile kijani cha mgomba nilikiangalia mara ya mwisho.

Nilizunguka madukani mjini. Na hapa sikilizeni, maana hili litawafaa. Usinunue stendi kwa picha. Beba fremu yako mwenyewe, ile unayoitumia, uiingize kwenye taya za stendi dukani. Muuzaji atakunja uso, mwache akunje. Fremu ikishaingia, bonyeza kona ya mbali kwa kidole kimoja, kama vile unabonyeza kengele ya mlango. Ikiinama, hiyo itakuwa inainama kila ukidunga sindano, na ifikapo mwisho wa mwezi utakuwa umeitupa jalalani. Ikisimama, sasa weka kiganja, uegemee kidogo, maana ukichoka utaegemea. Kisha kaa wima uitazame. Kitambaa ndicho kije kwenye macho yako. Macho yakilazimika kukifuata, shingo ndiyo italipa, na ninaujua mshahara wake. La mwisho, kama unatumia ringi leo na fremu kesho, usichukue stendi yenye kijiti cha kushika ringi peke yake. Taya zinazofunguka kwa upana hushika vyote.

Madukani sikupata hata moja iliyomfaa mtu wa kiti cha magurudumu na mkono mmoja. Zilikuwa chache na zote nguzo zake hazihami. Ndipo nikaenda kwa Wekesa, fundi wa mbao hapa Uthiru karibu na barabara kuu, anayetengeneza vitanda na meza za kahawa. Nikamchorea chini kwa kijiti: nguzo iwe kushoto, mkono wa mbao utoke juu yake uje mbele ya mtu, mwishoni taya.

"Mama, hii ni kama ile ya kuningʼiniza nguo," Wekesa akasema.

"Ni ya kudarizi."

"Na mtu wa kudarizi ana uzito gani?"

"Mtu hakai juu yake, Wekesa."

"Haya. Basi ni rahisi."

Hakuna neno la kuogopa kwa fundi kama hilo. Aliitengeneza kwa mbao ya saiprasi, nyepesi, akaipiga msasa ikawa laini kama shavu la mtoto. Tuliipandisha Hurlingham kwa lifti, mimi na Wekesa, askari wa mlangoni akituuliza kama tunahamia. Siku hiyo yule fizio anayemfundisha Mama Shirin mazoezi alikuwepo, kijana mpole ambaye alikuwa amekuja, akakataliwa kama kawaida, akapewa chai. Nasreen alisimama kando akiuma kucha.

Tuliisogeza. Nguzo ikakaa kushoto, fremu ikaja mbele ya Mama Shirin vizuri kabisa, nikaanza kujipongeza kimoyomoyo. Akauinua mkono wake wa kulia. Akakigusa kile kitambaa cheupe kwa vidole, kama mtu anayegusa paji la uso la mgonjwa. Halafu akaegemea.

Stendi nzima ikaanguka kifudifudi. Fremu ikapiga meza ya chai, kikombe cha fizio kikamwagika kwenye viatu vyake vyeupe, na mkono wa mbao wa Wekesa ukavunjika kwenye kiungo. Nasreen alifunika uso. Mimi nilitamani sakafu ipasuke niingie. Nilifikiri, tumemwonyesha tena vile hawezi, na safari hii mbele ya watu.

Kisha tukasikia sauti kama kikohozi. Mama Shirin alikuwa anacheka. Anacheka kwa nusu ya mdomo, machozi yanatoka jicho moja zaidi ya jingine.

"Hii stendi," akasema, akivuta pumzi, "hii pia napata stroke."

Wekesa hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Alinitazama mimi, mimi nikamtazama fizio, fizio akatazama viatu vyake, na tukaangua kicheko sote, hata Nasreen, yeye akicheka na kulia pamoja.

Tulipotulia, Mama Shirin akamwelekezea Wekesa kidole. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ile ya karakana, niliyoijua. "Wewe. Kuja hapa. Kwa nini mguu yake fupi?"

"Mama, niliona itachukua nafasi."

"Nafasi iko chini ya mimi. Hapa, katikati ya gurudumu. Hapana kaa kitu hapa."

Fizio akapiga magoti palepale kwenye chai iliyomwagika, akachungulia chini ya kiti. Akasema ni kweli, mguu mrefu unaweza kupita kati ya magurudumu hadi nyuma, na kiti kikifungwa breki hautateleza. Akashauri pia mkono mbovu uwe na mahali pa kulala juu ya stendi, kibao kidogo chenye mto, badala ya kuachwa mapajani. "Ukae pale anapouona," akasema. "Mkono usioonekana husahauliwa na mwili." Hilo mimi nisingelijua kamwe. Mama Shirin alimsikiliza, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimsikiliza. Alimuuliza kama kibao kinaweza kuwa upande wa chini kidogo. Kabla kijana hajaondoka alimruhusu amnyooshe vidole.

Ya pili ilichukua muda. Wekesa aliacha saiprasi, akatafuta mbao nzito ya kitanda kikuukuu. Mguu aliuwekea chini kipande cha chuma cha cherehani ya zamani ya kukanyaga, ambacho alikinunua soko la Gikomba na kukibeba mwenyewe akilalamika njia nzima. Nati ndogo akazitupa. Mahali pake akatia vishikio vikubwa vya mbao, vya kukamata kwa kiganja kizima na kuzungusha, kama kitasa cha mlango. Na kila alipofika mahali pa kuamua, Mama Shirin alitaka kuulizwa. Alimpigia Wekesa simu mchana, fundi akiwa juu ya ngazi. "Taya nafungua kiasi gani?" "Umepiga msasa chini pia? Mkono yangu napita chini." Wekesa alikuja kwangu siku moja akiwa amechoka.

"Mama, huyu mgonjwa wako ni mgonjwa kweli?"

"Anapona," nikamwambia.

Ninyi mnaosoma hapa msije mkadhani nasema stendi huponya kiharusi. Mkono wa kushoto haujarudi. Vidole viwili vinatikisika kidogo, anasema vinamsalimu, basi. Na ile ya Nasreen iliyotoka ng'ambo haikuuzwa wala kutupwa. Nasreen alinipa mimi. Miguu yake inaingia chini ya kochi langu kama iliyopimwa hapa nyumbani, nguzo yake ya kulia hainisumbui kwa kuwa nina mikono miwili, na siku shingo ikinipa ruhusa nadarizi kidogo mbele ya taarifa ya habari. Nikimwambia Nasreen kwamba alinunua stendi bora kuliko zote nilizowahi kutumia, haamini, lakini hufurahi.

Siku tuliyopeleka ile ya pili ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Wekesa aliiweka, akaiegemea kwa uzito wake wote, akamwangalia Mama Shirin. Mama Shirin akatikisa kichwa kukubali. Fundi akaaga upesi kabla mama hajafikiria kitu kingine. Mimi nikatoa ringi mfukoni, nikachukua kipande cha kitani, nikataka kumkazia kitambaa ili aanze, kama vile ningemfanyia mtoto wa darasa langu.

"Weka chini," akasema.

"Nakusaidia tu kuanza."

"Felista. Weka chini. Wewe na Nasreen, nenda jikoni."

Tulikwenda. Nasreen akawasha maji ya chai ambayo hakuna aliyeyataka. Tulisimama pale, mimi nimeshika sinia, yeye ameshika mlango ukiwa wazi upana wa kidole. Tulisikia kishikio cha mbao kikizunguka, polepole, kikasimama, kikazunguka tena. Kile kiduara cha ndani kilikuwa kimeingia kwenye taya. Kisha kitu kikaanguka sakafuni na kubingirika. Nasreen akaufungua mlango.

"Hakuna mtu nakuja!" Mama Shirin akapaza sauti.

Nasreen akasimama. Tulimsikia akipumua, kiti kikigongagonga, breki ikifunguliwa na kufungwa. Alikuwa akikitafuta alichokiangusha. Ilichukua muda, maji yakachemka, birika la umeme likazima lenyewe. Nasreen alinishika mkono, sijui kama alijua ameushika. Tukasikia kiduara cha juu kikigandamizwa juu ya kitani, mara ya kwanza kikaruka, mara ya pili kikaruka, na neno la Kigujarati ambalo Nasreen alikataa kunitafsiria. Halafu kikakaa.

Sikuthubutu hata kuweka sinia chini.

Ndipo ikaja: *pup*. Sauti ndogo ya sindano ikipenya kitambaa kilichokazwa vizuri. Tukangoja. Nilihesabu safari ya ule mkono moyoni mwangu, ukishuka, ukizunguka, ukitafuta ncha gizani chini ya kitani.

*Pup.*

Nasreen akamimina chai, vikombe vitatu.